Mlima unaogawa mvua

Fungueni karta ya Asia. Tafuteni Bara Hindi, kisha mwende upande wa mashariki hata mfike kwenye bahari kubwa. Hapo mtaona nchi ndefu na nyembamba, iliyojipinda kama herufi S. Ndiyo Vietnam. Mji wake mkuu, Hanoi, uko kaskazini.

Sasa tazameni katikati ya nchi hiyo. Pahali pengine, toka mpaka wa Laos hata baharini ni kilometri 50 hivi tu. Upande mmoja ni milima, upande mwingine ni bahari. Milima ile huitwa Truong Son. Mara nyingi inakwenda sambamba na bahari. Lakini pahali pamoja mkono wa milima unatoka katika safu yake, unakata nchi tambarare, unaingia mpaka majini. Mkono huo huitwa Hai Van, maana yake bahari na mawingu. Kaskazini yake uko mji wa Hue. Kusini yake iko miji ya Da Nang na Hoi An.

Watu wengi husafiri kwenda kuutazama uzuri wa pande zile. Lakini uzuri wake una wakati wake. Sikieni habari ya kijana mmoja wa Hanoi. Kijana ni wa hadithi, lakini milima, mvua na njia ni za kweli.

1. Kijana na karatasi yake

Kijana huyu alikuwa fundi wa pikipiki. Alikaa pamoja na mama yake mzee. Mama alikuwa na dada yake mkubwa katika mji wa Hoi An, na miaka tisa ilikuwa imepita bila wao kuonana. Miguu ya mama ilianza kuwa dhaifu. Kila mwaka alisema: «Labda sitamwona tena dada yangu.»

Basi kijana akaweka akiba mwaka mzima. Fedha zake zilitosha safari moja ya watu wawili. Safari ya pili asingeiweza.

Akatwaa karatasi, akaandika: «Tutaondoka katikati ya mwezi wa kumi.» Kwa nini alichagua mwezi huo? Huko Hanoi mvua kubwa hunyesha toka mwezi wa tano hata mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi mvua hupungua, jua halichomi, na anga ni safi. Watu wa Hanoi hupenda majira hayo kuliko mengine yote. Kijana akawaza: «Majira yaliyo mema kwetu ni mema na kule. Nchi si ni moja?»

Akaipeleka karatasi kwa mjomba wake, aliyefanya kazi ya gari la moshi miaka mingi. Mjomba akaisoma, akanyamaza kidogo. Kisha akauliza:

– Mwanangu, ulipoandika haya ulitazama anga la wapi?

– La hapa Hanoi, mjomba.

– Na mama yako atalala wapi siku hizo, hapa au kule?

Kijana hakuwa na jibu.

2. Pepo mbili

Mjomba akautwaa mkeka, akaukunja katikati ukasimama kama mgongo wa mlima. Akasema:

– Mwishoni mwa mwaka upepo hutoka kaskazini-mashariki. Hupita juu ya bahari na kuchukua unyevu mwingi. Ukifika katikati ya nchi yetu hukuta milima. Hauna njia ila kupanda. Hewa ikipanda hupoa, na hewa iliyopoa haiwezi kuyashika maji yake yote. Basi maji huanguka yakawa mvua. Kwa hiyo toka mwezi wa tisa hata mwezi wa kumi na mbili mvua kubwa hunyesha Hue, Da Nang na Hoi An. Tena wakati huo tufani hutoka baharini. Nayo mito ya kule ni mifupi. Maji hushuka mlimani kwa haraka, na tambarare hujaa kabla watu hawajahamisha vitu vyao.

– Na katikati ya mwaka, mjomba?

– Katikati ya mwaka upepo hugeuka, ukatoka kusini-magharibi. Huacha mvua yake upande wa Laos. Ukivuka milima na kushuka kwetu, ni mkavu na wa moto. Watu huuita upepo wa Laos. Siku nyingine joto hupita digri 38. Basi unaona: sisi wa Hanoi tukiwa na mvua, wao wana jua kali. Sisi tukianza kuanika nguo zetu, wao wanaanza kuogopa mito yao.

Kisha mjomba akamkumbusha jambo la kuhuzunisha. Mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja mwaka 1999, katika mji wa Hue, mvua ya mchana na usiku mmoja ilipita metri moja. Watoto, pimeni metri moja ukutani mwa kalasi. Maji yale yasingetiririka wala kuzama katika udongo, yangefika pale na kupita. Katika mafuriko hayo mamia ya watu walikufa pande zile.

Kijana akaikunja karatasi yake. Akasema kwa sauti ndogo:

– Mjomba, nilitaka kumfurahisha mama. Kumbe nilikuwa nampeleka katika maji.

– Hukukosa kwa kupenda, mwanangu. Ulikosa kwa kutouliza. Kaa hapa, tupange upya.

3. Kupanga upya

*Wakati.* Wakaanza na mwezi, si na njia. Miezi ya mvua wakaifuta. Miezi ya joto kali wakaifuta pia, kwa ajili ya mama. Mwisho wa mwezi wa kwanza na nusu ya mwezi wa pili vilevile wakaviacha, kwa maana ndio wakati wa Tet, yaani mwaka mpya wa nchi ile. Hapo watu wengi hurudi kwao, na magari hujaa. Ikabaki miezi ya tatu na ya nne: mvua ni kidogo kule, na joto halijawa kali. Wakachagua katikati ya mwezi wa tatu.

*Njia.* Toka Hanoi hata Hue kwa gari la moshi ni kilometri 688. Mtu akiondoka jioni hufika kesho yake, baada ya kulala njiani. Hilo halikuwa gumu. Ugumu ulikuwa toka Hue hata Da Nang. Ni kilometri 100 hivi tu, lakini mlima wa Hai Van umesimama katikati. Mjomba akaeleza njia tatu.

Ya kwanza ni barabara ya juu. Ina urefu wa kilometri 20 hivi, nayo yapanda kwa kona nyingi hata mahali pa kupitia penye urefu wa metri 496, kisha yashuka. Huko juu liko lango la mawe lililojengwa mwaka 1826, wakati wa mfalme Minh Mang. Anga likiwa safi, mtu huona bahari pande zote mbili. Mawingu yakishuka, haoni hata kona iliyo mbele yake.

Ya pili ni njia iliyotobolewa ndani ya mlima. Ilifunguliwa mwaka 2005, nayo ina urefu wa kilometri 6 na zaidi. Motokari hupita upesi bila kuogopa mawingu, lakini msafiri haoni kitu.

Ya tatu ni ya gari la moshi. Njia hiyo ya reli, itokayo Hanoi hata Saigon, ilikamilika mwaka 1936, wakati Wafaransa walipotawala. Haipandi juu ya mlima. Inauzunguka ubavuni, juu ya maji, mara inaingia katika mashimo mafupi, mara inatoka kwenye nuru, na bahari iko chini ya dirisha.

Kijana akasema mara moja:

– Mimi napenda barabara ya juu, kwa pikipiki!

– Unasafiri peke yako? akauliza mjomba.

Kijana akacheka, akaandika: «Gari la moshi.» Mjomba akaongeza:

– Tena omba viti vya mkono wa kushoto. Unakwenda kusini, na bahari iko mashariki. Mama yako aone maji, asione mawe tu.

*Siku.* Wakahesabu hivi. Usiku mmoja garini. Siku mbili Hue, mama apumzishe miguu na kuona mto na majumba ya wafalme wa ukoo wa Nguyen, waliotawala toka mwaka 1802 hata 1945. Siku moja kuuzunguka mlima hata Da Nang, kisha kwa motokari hata Hoi An, kilometri 30 hivi, kwa kuwa gari la moshi halifiki huko. Siku nne kwa dada yake. Kisha kurudi.

– Na mlima Bach Ma? akauliza kijana. Nasikia una metri 1.450, na huko juu ni baridi hata wakati wa joto.

– Uweke katika siku ya akiba. Kila safari iwe na siku moja isiyo na kazi. Gari likichelewa, siku hiyo itakuokoa. Lisipochelewa, uliza kwanza kama barabara ya juu imefunguliwa na kama anga ni safi, ndipo upande.

*Mzigo.* Mfuko mmoja kwa kila mtu, kwa maana mwana atauchukua wa mama pia. Vazi la mvua, maana hata mwezi mwema una siku yake mbaya. Nguo moja nzito, kwa ajili ya usiku wa garini. Dawa za mama. Maji ya kunywa. Fedha za tiketi ya kurudi zishonwe katika mfuko wa peke yake, zisiguswe.

4. Mambo yaliyotokea

Mwezi wa kumi ukafika. Huko Hanoi jua lilikuwa jema, anga halina wingu. Kijana alikuwa akitengeneza pikipiki mbele ya nyumba, akaona uchungu kidogo. Akawaza: «Leo tungekuwa njiani.» Jioni redio ikatangaza: mto umejaa Hoi An, maji yamo ndani ya nyumba, na gari la moshi limesimama kwa sababu udongo wa mlima umeporomoka juu ya reli. Kijana akaweka chini vyombo vyake, akaenda kuketi karibu na mama. Siku mbili hawakulala vema, hata habari ikaja kwamba mama mkubwa ni mzima.

Mwezi wa tatu wakasafiri. Gari lilipotoka katika shimo la kwanza la Hai Van, mama aliona maji ya kijani chini ya dirisha, na mawimbi meupe yakipiga miamba. Alikaa kimya muda mrefu, mkono wake juu ya kioo.

Huko Hoi An dada yake alikuwa amesimama mlangoni. Wale wazee wawili wakashikana mikono, wakalia, kisha wakacheka.

Baada ya kula, mama mkubwa akamwonyesha kijana ukuta wa nyumba. Palikuwa na mistari iliyoandikwa miaka: 1964, 1999, na mingineyo. Mstari mpya ulimfika kijana begani. Kisha akamwonyesha tundu katika dari.

– Maji yakija, twapitisha vitu vyote pale juu kwa kamba. Nyumba za kwetu zimejengwa hivyo toka zamani. Mwezi wa kumi uliopita nilikaa huko juu pamoja na mchele wangu. Kama mngalikuja siku zile, mwanangu, ningewapokeaje? Na mama yako angepandaje ngazi ile?

Kijana akatazama ngazi. Ilikuwa nyembamba, imesimama wima. Akatazama miguu ya mama yake. Hakusema neno, lakini jioni ile alimwandikia mjomba barua ya kumshukuru.

5. Tukumbuke

Hoi An na Hue ni miji ya kweli. Hue uliandikwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 1993, na Hoi An mwaka 1999. Mwishoni mwa mwezi wa kumi mwaka 2025 maji yaliingia tena katika miji yote miwili. Milima inayopendeza macho ndiyo inayoangusha mvua. Bahari inayopendeza macho ndiyo inayoupa upepo maji yake. Msafiri mwenye akili haogopi mlima wala bahari, lakini huuliza kwanza wenyeji. Hapimi nchi ya wengine kwa anga la kwao.

*Maswali*

1. Vietnam iko upande gani wa Asia? Ionyeshe katika karta.
2. Jina Hai Van lina maana gani?
3. Eleza kwa nini hewa inayopanda mlima huleta mvua.
4. Kwa nini kijana alichagua mwezi wa kumi? Alikosa wapi?
5. Taja njia tatu za kupita Hai Van. Kila moja ina faida gani, na ubaya gani?
6. Mtu anayetoka Da Nang kwenda Hue kwa gari la moshi aketi mkono gani apate kuona bahari?
7. Siku ya akiba ni nini? Inafaa nini?

*Zoezi*

Panga safari ya kwenda kumtazama ndugu anayekaa mbali. Andika: mwezi gani na kwa nini, njia gani, nani anasafiri nawe, mzigo gani, siku ya akiba. Kabla ya kuandika, muulize mtu mzima anayeijua nchi ile: «Huko mvua huanza mwezi gani?»