Somo: Kwa nini mshitakiwa apewe wakili?



Katika mikutano yetu swali moja hurudi mara kwa mara, na wanaoliuliza ni watu walioumizwa kweli: "Yule aliyetuchomea nyumba na kutuulia watoto, kwa nini apewe avoka? Sisi nani alitutetea?" Swali hili halistahili jibu la haraka. Tuangalie kwanza kazi ya wakili mmoja wa Marekani, Bryan Stevenson, anayewatetea watu waliohukumiwa kifo.

Stevenson ni Mmarekani mweusi aliyezaliwa mwaka 1959 katika jimbo la Delaware. Alipokuwa na miaka 16, babu yake aliuawa kwa kisu na vijana walioingia nyumbani kuiba. Kwa hiyo yeye pia anatoka katika familia ya wahanga. Alimaliza masomo ya sheria katika chuo kikuu cha Harvard mwaka 1985, kisha akaenda kusini mwa nchi ile, ambako maskini wengi walikuwa wakingoja kuuawa bila mtu wa kuwakatia rufaa. Mwaka 1989 alianzisha shirika la Equal Justice Initiative katika mji wa Montgomery, Alabama.

Kesi iliyomtambulisha ni ya Walter McMillian, mtu mweusi aliyekuwa akikata miti ya kuuza. Mwaka 1986 binti mmoja mzungu aliuawa dukani katika mji wa Monroeville. Miezi ikapita bila mtu kukamatwa, watu wakakasirika, na wakuu wakataka jina la kuwapa. Mwaka 1987 McMillian alikamatwa. Alifungwa pamoja na waliohukumiwa kifo kabla hata kesi yake haijasikilizwa! Kesi yenyewe ilichukua siku moja na nusu. Majirani walishuhudia kwamba saa ya mauaji alikuwa kwake, ambako watu walikuwa wakikaanga samaki wa kuuza. Hawakusadikiwa. Baraza la raia 12 wanaosikiliza kesi (kwetu hatuna utaratibu huo) lilimwona ana hatia, lakini wengi wao walipendekeza kifungo cha maisha. Jaji akakataa, akaamuru auawe.

Stevenson alifanya kazi isiyo na makelele. Alirudi kwa mashahidi, mmoja baada ya mwingine, akasoma karatasi zote. Shahidi mkuu wa mashitaka alikiri kwamba alidanganya. Ikapatikana pia kanda ya sauti ambayo upande wa utetezi haukuwa umepewa, shahidi yule akilalamika kwamba analazimishwa kumsingizia mtu. Mwezi wa Machi 1993 McMillian aliachiliwa, baada ya karibu miaka 6. Na familia ya yule binti? Iliambiwa haki imetendeka, kumbe aliyefungwa siye. Mimi naona hapa ndipo jibu lilipo: wakili wa mshitakiwa anapopima ushahidi, anamlinda pia mhanga asipewe mtu wa uongo.

Mabadiliko ya sheria yalikuja polepole. Mwaka 2012, katika kesi aliyoitetea Stevenson, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza kuwafunga watoto maisha, bila tumaini la kutoka, kwa hukumu ya lazima. Mwaka 2017 jimbo la Alabama liliwaondolea majaji uwezo wa kugeuza uamuzi wa baraza kuwa kifo. Mwaka 2018 shirika lake lilifungua huko Montgomery mahali pa kuwakumbuka watu weusi zaidi ya 4,400 waliouawa na makundi ya watu kati ya 1877 na 1950. Wengi walishukiwa tu. Hakuna aliyengoja kuwasikiliza.

Turudi kwetu. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 17, inasema mshitakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka hukumu ya mwisho. Kifungu cha 19 kinampa haki ya kutetewa. Lakini sheria yetu inamruhusu mhanga naye kuingia katika kesi kama upande wa madai, akiwa na wakili wake, na kuomba fidia. Wengi kambini hawajui hilo. Asiye na uwezo aulize ofisi ya mashauri ya bure ya baro ya mawakili. Kabla ya kwenda, andikeni majina ya mashahidi, tarehe na mahali, maana wakili ataanza na hayo, na watu wa kambi huhamahama.

Kwa mazungumzo ya kikundi: usiku mtu akishukiwa wizi au uchawi hapa kambini, nani humsikiliza kwanza? Nani hukimbia kuwaita polisi, na nani huwazuia vijana wenye mawe?