Mbegu ya viazi vitamu: Kabla ya kutuma mzigo, kagua mmea mama

Februari huwa mwezi mgumu kwa mbegu ya viazi vitamu katika kaunti za Homa Bay na Migori. Mvua za vuli zimekwisha, mifugo imefunguliwa mashambani, na marando yaliyosalia yamekauka juani. Masika yakianza mwezi Machi, aliyepoteza mbegu humtegemea aliyeihifadhi. Binti aliyeolewa Kehancha hupiga simu kwao Kabondo, na asubuhi inayofuata gunia la marando hupakiwa kwenye matatu, likabadilishwa gari Kisii na tena Migori mjini hadi limfikie. Mara nyingi hakuna malipo ila nauli ya mzigo.

Ni desturi nzuri, na bila hiyo boma nyingi zingekosa cha kupanda. Hata aina zenye nyama ya rangi ya chungwa, kama Kabode na Vita, zilizotolewa rasmi nchini Uganda mwaka 2007 na zenye manufaa ya vitamini A kwa watoto, husambaa kutoka boma hadi boma kwa njia hiyo hiyo. Lakini gunia hilo hubeba pia kile ambacho mtumaji hakukusudia kutuma.

Kiazi kitamu, au rabuon, hakipandwi kwa punje kama mahindi. Rando ni kipande cha mmea mama, na ugonjwa uliokuwa ndani ya mama huenda nalo. Ugonjwa unaoumiza zaidi husababishwa na virusi viwili, kimoja kinachoenezwa na vidukari na kingine na inzi weupe. Vikikutana katika mmea mmoja, majani huwa madogo, membamba na yenye manjano, mmea hudumaa, na mavuno yanaweza kupungua kwa hadi asilimia 90. Kirusi kimoja kikiwa peke yake huenda kisionyeshe dalili yoyote. Hapo ndipo watu hunaswa: rando linaonekana zuri siku ya kukatwa, halafu shamba zima linadumaa msimu wa pili au wa tatu.

Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoondoa virusi ndani ya mmea. Kituo cha KEPHIS kilichoko Muguga husafisha mbegu ya viazi vitamu katika maabara, kazi isiyowezekana nyumbani. Kinachowezekana nyumbani ni kuchagua. Mimea ikiwa bado ya kijani, mkulima apite shambani, atie kijiti kando ya ile iliyostawi bila dalili, na ang'oe kabisa iliyodumaa. Mbegu itoke kwenye vijiti tu. Anayesubiri hadi siku ya kuvuna amechelewa, kwa sababu viazi vikishachimbwa na kurundikwa pamoja, hakuna awezaye kujua kipi kilitoka kwa mmea upi.

Kuna pia fukusi, mdudu anayetoboa viazi. Hutaga mayai kwenye shina karibu na udongo, kwa hiyo sehemu hiyo isitumwe kamwe. Ikatwe ncha ya rando, urefu wa sentimita 30 hivi, yenye vifundo visivyopungua vitatu, kutoka kwa mmea wa miezi miwili au mitatu.

Kuhusu kufunga mzigo, adui ni joto. Mfuko wa plastiki uliofungwa mdomo hupika marando njiani. Yapunguzwe majani, yafungwe mafungu madogo, yazungushiwe majani ya mgomba au gunia lililoloweshwa kidogo, na yapakiwe asubuhi mapema. Jina la aina liandikwe kwenye karatasi, kila fungu na lake. Mpokeaji akikosa nafasi ya kupanda siku hiyo, ayaweke kivulini kwa siku moja au mbili.

Kwa safari ndefu, au kwa anayetaka kuhifadhi mbegu hadi masika, ipo njia isiyotumika vya kutosha huku kwetu: kutuma viazi vyenyewe badala ya marando. Vichaguliwe viazi vidogo, visivyozidi ngumi, kutoka kwa mimea iliyowekewa vijiti, visivyo na tundu wala jeraha. Vipangwe ndani ya beseni au sanduku la mbao katika matabaka ya mchanga mkavu uliopoa, bila kugusana, na chombo kiwekwe ndani ya nyumba mahali penye baridi. Maji yasitiwe. Kila mwezi mchanga ufukuliwe, na kilichooza kitolewe.

Viazi hivyo huchipua vikiwa mchangani. Wiki sita hadi nane kabla ya mvua huhamishiwa kwenye kitalu kidogo karibu na nyumba, kilichozungushiwa ua dhidi ya kuku na mbuzi, na kumwagiliwa. Kiazi kimoja kinaweza kutoa vipande 40 hivi vya marando. Kwa hiyo kikapu kidogo cha viazi kinachosafiri bila kunyauka humfaa mpokeaji kuliko gunia la marando lililoungua njiani.

Ndugu wengi wanaishi pande zote mbili za mpaka, na kutoka Isebania hadi Sirare ni mwendo wa miguu tu. Hata hivyo, mbegu inayoingia nchini kutoka Tanzania, hata fungu moja la zawadi, huhitaji kibali cha KEPHIS na cheti cha afya ya mimea kutoka inakotoka. Pingili za mihogo ziko chini ya sheria hiyo hiyo, na kwazo hatari ni kubwa: ugonjwa wa michirizi ya kahawia huozesha mihogo chini ya ardhi huku shina likionekana zima.

Anayelenga kupanda mwanzoni mwa Machi ahamishie viazi vyake kitaluni kufikia katikati ya Januari. Asiye na hakika na majani anayoyaona shambani amwite afisa wa kilimo wa wadi ayakague kabla rando la kwanza halijakatwa.