Kuku Habebwi Miguu Juu: Maswali Yenu Kuhusu Wanyama Tunaoishi Nao

Safari hii barua nyingi, kutoka Nyamityobora hapa mjini Mbarara na kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale wilayani Isingiro, zimeuliza jambo moja: mtu asiye na shamba kubwa wala fedha za ziada amtendeeje vizuri mnyama anayeishi naye? Anayejibu ni daktari wa mifugo ambaye kazi yake iko kati ya sehemu hizi mbili.

Daktari, mimi ni bodaboda. Nabeba kuku kutoka Nakivale hadi sokoni Mbarara nikiwa nimewafunga miguu na kuwaning'iniza kwenye usukani. Abiria mmoja alinikemea. Kwani kuku si ndivyo alivyobebwa tangu enzi za babu zetu?
*Bodaboda, Nyamityobora*

Ndugu yangu, abiria huyo alisema kweli, na nashukuru kwamba umeuliza badala ya kukasirika.

Mwili wa kuku haukuumbwa kama wako. Wewe una msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, kuku hana. Ukimgeuza kichwa chini, utumbo, ini na firigisi vyote vinaelemea mapafu na mifuko yake ya hewa, naye anavuta pumzi kwa shida. Mwanzoni hupigapiga mabawa. Baadaye hunyamaza, na watu husema ametulia. Ameganda kwa hofu. Siku moja mshike kifuani wakati huo, usikie moyo unavyokwenda mbio.

Sasa weka hapo barabara ya vumbi, safari ya takriban kilomita 60, jua la mchana, na kamba inayozidi kukaza kila pikipiki inaporuka shimo. Kuku anafika mguu umevimba, bawa limeteguka, nyama ya paja imevilia damu. Mama wa sokoni akimpindua na kuona bawa linaning'inia, bei inashuka. Hasara ni yako.

Tumia tenga. Kama huna, chukua boksi la katoni, litoboe matundu pande zote, tandika majani makavu ndani, kisha lifunge kwa mpira nyuma ya pikipiki. Kuku wote waweze kukaa chini kwa wakati mmoja bila kukanyagana. Ondoka alfajiri kabla jua halijawa kali, na uwape maji kabla ya safari na mara mnapofika. Ukimbeba mmoja mkononi, pitisha kiganja chini ya kifua chake, miguu ikae kati ya vidole vyako, na mabawa uyabane kwenye ubavu wako. Ataacha kuhangaika.

Tena ujue kwamba Uganda ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama tangu 1957. Inakataza kumpiga mnyama ovyo, kumbebesha kupita kiasi, na pia kumsafirisha kwa namna ya kumtesa.

Nina mbuzi wawili. Nisipowafunga wanaingia kwenye mahindi ya jirani na ugomvi unaanza. Nikiwafunga, wanangu wanasema nawatesa. Nifanyeje?
*Mama mfugaji, Juru, Nakivale*

Mama, wafunge. Mbuzi anayekula mahindi ya mtu hupigwa panga, na ugomvi wa mkulima na mfugaji huko kwenu hauishii kwa mbuzi. Kinachomtesa ni namna ya kumfunga.

Usimfunge mguu. Mfunge shingoni kwa ukosi mpana wa kitambaa kigumu au wa mpira wa tairi la baiskeli. Kamba ya nailoni ikigusa ngozi yenyewe hukata taratibu hadi nzi wanataga na funza wanaingia. Kamba iwe na urefu wa hatua tano au sita, na pale ulipomfunga pasiwe na kisiki cha kujizungushia wala ukingo ambao akiteleza atajinyonga. Halafu, mama, saa saba mchana tuma mtoto akamwangalie. Mti uliomfunika vizuri saa tatu asubuhi, saa saba kivuli chake kimeshahamia upande mwingine na mbuzi anachomwa na jua mwisho wa kamba. Hili ndilo kosa ninalolikuta zaidi ya yote, na wenye mbuzi ni watu wema kabisa, ila hawarudi kutazama.

Mbuzi wa kawaida anahitaji lita tatu hadi tano za maji kwa siku. Anayenyonyesha anahitaji zaidi. Najua maji Nakivale ni ya foleni. Maji uliyooshea mchele au mboga yanamfaa, mradi hayana sabuni.

Tunatupa maganda ya matoke ndani ya kavera, na mbuzi na ng'ombe wanaopita mtaani wanayala. Si tunawasaidia?
*Mkazi wa Nyamityobora*

Maganda yanawasaidia. Kavera linawaua, polepole.

Mnyama anasikia harufu ya chakula, anameza kila kitu. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, halisagiki. Linabaki kwenye tumbo la kwanza, lingine linaungana nalo, na nyuzi za magunia, mpaka linakuwa bonge gumu kama mpira wa watoto. Ng'ombe anaacha kucheua, ubavu wa kushoto unajaa, na huku tumbo limejaa mwili unakonda. Anakufa kwa njaa. Ukimpasua unatoa makavera kwa konzi mbili mbili. Uganda ilipiga marufuku makavera mepesi mwaka 2009, lakini tazameni mitaro ya mtaani kwenu.

Weka ndoo mbili jikoni: moja ya maganda matupu, nyingine ya takataka nyingine zote. Hapa Mbarara wako wafugaji wanaopita kutafuta maganda. Mpe akiyahitaji, au yamwage mahali safi yakiwa mabichi, kabla hayajaoza. Maganda ya muhogo yaanike kwanza hadi yakauke, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu.

Watoto wa shule yetu wanapiga ndege kwa manati, na juzi wameokota makinda ya korongo taji kando ya ziwa. Niwaambie nini?
*Mwalimu, Nakivale*

Mwalimu, kwanza makinda. Yarudishwe leo palepale yalipookotwa kama mahali panajulikana, watu wakae mbali, wazazi watarudi. Kama hapajulikani, wasiliana na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA. Askari wake wako jirani, katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo. Wasifugwe nyumbani, na asitokee mtu wa kuwauza, maana sheria ya wanyamapori ya 2019 ni kali.

Waeleze watoto kwamba huyu ndiye ndege aliye katikati ya bendera ya Uganda, na kwamba tangu 2012 yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kwa kawaida jozi hutaga mayai mawili au matatu tu, kwa hiyo kinda moja likiondolewa ni pengo la kweli. Ardhioevu ya Ziwa Mburo na Nakivale inatambuliwa duniani kwa Mkataba wa Ramsar tangu 2006. Wanafunzi wako wanaishi juu yake na pengine hakuna aliyewahi kuwaambia. Wapeleke ziwani na daftari, wahesabu aina za ndege. Mtoto anayelenga vizuri kwa manati anaona vizuri pia.

Panya wanamaliza mahindi yangu. Nikitega sumu, paka wa jirani anakufa. Kuna njia nyingine?

Ipo. Sumu haiishii kwa panya: paka au bundi akimla panya aliyekula sumu, naye anadhurika. Inua magunia juu ya vichanja, ziba matundu, tumia mtego, fuga paka. Na bundi mwacheni. Wengi wetu, Wanyankole kwa Wakongomani, tumelelewa kumwogopa na kumpiga mawe akilia juu ya paa. Bundi yuko hapo kwa ajili ya panya wako.

Mimi ni Mwislamu na mbwa kwetu ni najisi. Nitamtendeaje wema bila kumgusa? Na kuchinja nako?
*Mfanyabiashara, Base Camp, Nakivale*

Ndugu yangu, wewe una mwongozo mkubwa kuliko wangu. Hadithi za Mtume zinaeleza habari za mtu aliyeshuka kisimani, akamtekea mbwa mwenye kiu maji kwa kiatu chake, akasamehewa dhambi zake; na za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka hadi akafa njaa. Weka bakuli la maji nje ya uzio. Hakuna anayekudai umguse mbwa.

Katika kuchinja, yale mliyofundishwa ndiyo ninayoyataka kama daktari: kisu kinolewe hasa, kinolewe mbali na macho ya mnyama, na mmoja asichinjwe mbele ya mwenzake. Naongeza moja, kwa sababu naliona sana siku za sikukuu: mbuzi asiburutwe kwa mguu mmoja hadi machinjioni. Atembezwe, au abebwe.

Je, ni lazima niache nyama?

Hapana. Mtu ambaye mgao wake wa chakula umepunguzwa na anapata kitoweo kwa nadra simhubirii. Mwenye uwezo mjini, anayekula nyama choma kila mwisho wa wiki, anaweza kula mara chache zaidi. Maharage, karanga na mchicha wa dodo vinashibisha na vina afya. Lakini neno langu kubwa kwenu ni jinsi mnyama anavyoishi kabla hajafika kwenye sufuria. Kwa mfano, ndugu kutoka Kivu wanaofuga simbilisi, wale mnaowaita dende, wawape banda lenye giza kidogo la kujificha, majani mabichi kila siku, na wasiwabane kumi katika boksi moja.

Mbwa wetu hajawahi kumuuma mtu. Chanjo ya nini? Jirani ananishauri nimkate masikio awe mkali.
*Kijana, Rubondo, Nakivale*

Usimkate. Kukata masikio hakumfanyi mbwa kuwa mlinzi. Kunampa kidonda na kumfundisha kuogopa mkono wa mtu, na mbwa mwenye hofu ndiye anayeuma watoto. Mbwa analinda vizuri akiwa ameshiba, anawafahamu watu wa nyumbani, na anafunguliwa usiku baada ya kulala mchana kivulini.

Kuhusu chanjo, naomba msome polepole. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote wameambukizwa na mbwa. Dalili zikishaanza kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wako hahitaji kuwa mkali ili kuupata. Inatosha aumwe na mbwa mwingine, au mbweha, usiku mmoja. Mji unapomchukia mbwa na kumtegea nyama ya sumu, mara nyingi chanzo ni hofu ya ugonjwa huu, na chanjo ndiyo inayoondoa hofu hiyo. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kusambaa. Kuua mbwa peke yake hakuuondoi.

Mtu akiumwa, kidonda kioshwe mara hiyo kwa maji mengi na sabuni, dakika 15 kamili, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo akaanze sindano. Jiwe jeusi halifanyi kazi, wala pilipili, wala majivu. Mbwa aliyeuma asiuawe papo hapo kama anaweza kufungiwa salama. Aangaliwe siku 10, maana hali yake itawasaidia madaktari.

Tarehe 28 Septemba, aliyofariki Louis Pasteur mwaka 1895, ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Msiingoje. Ulizeni ofisi ya mifugo ya wilaya ya Isingiro au ya jiji la Mbarara chanjo itatolewa lini karibu nanyi, na siku hiyo mleteni mbwa akiwa na kamba shingoni, ameshikwa na mtu mzima aliyemzoea. Na yule mbwa wa mtaani asiye na mwenyewe, ambaye watoto wenu humrushia mabaki ya posho, mleteni pia.