Kuhamisha Mfumo Endeshi: Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Fundi

Tuchukulie mfano wa mzabuni wa Kahama aliyekuwa akiuza vipuri katika mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Mgodi huo ulianza uzalishaji mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021, na eneo lake likatengwa kuwa Eneo Maalumu la Kiuchumi. Mzabuni wetu sasa anatafuta wateja wapya, lakini ankara, mikataba na madeni ya miaka yote hiyo vimo katika kompyuta moja iliyochoka. Amenunua nyingine, na fundi amemwahidi kumhamishia "kila kitu kama kilivyo". Ahadi hiyo mlaji aipime kwanza.

Mfumo endeshi, kama vile Windows, ndio programu inayoiwezesha kompyuta kuwaka na kuendesha programu nyingine zote. Fundi anaweza kuing'oa diski ya zamani na kuifunga katika kompyuta mpya, au kunakili diski nzima kwenda diski nyingine. Njia ya pili ni salama zaidi, kwa kuwa diski ya asili hubaki ilivyo. Lakini fundi akikosea mwelekeo, diski tupu huandikwa juu ya ile iliyojaa. Kwa sababu hiyo, faili zote muhimu zinakiliwe kwanza katika diski ya nje ambayo mlaji ataondoka nayo dukani mkononi mwake. Sheria ya kodi humtaka mfanyabiashara atunze kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua 5, na maelezo kwamba fundi alizifuta si utetezi wa kutegemea.

Jambo linalowashangaza wengi ni leseni. Leseni ya Windows iliyokuja na kompyuta kutoka kiwandani imefungamanishwa na kompyuta hiyo, wala haihamishiki kwenda nyingine. Leseni iliyonunuliwa peke yake huweza kuhamishwa, mradi iondolewe kwanza katika kompyuta ya awali. Mfumo ulionakiliwa unaweza kuwaka vizuri kabisa, kisha ukaanza kudai uthibitisho wa leseni. Fundi akijitolea "kuivunja" kufuli hiyo kwa programu ya mitaani, mlaji akatae: programu za namna hiyo mara nyingi hubeba virusi, na kompyuta yenyewe ndiyo inayotunza hesabu na nywila zake. Baadhi ya programu za uhasibu nazo hutaka leseni irejeshwe kwenye kompyuta ya zamani kabla ya kuwekwa kwenye mpya. Hilo lifanyike wakati ile ya zamani ingali inawaka.

Kuna pia kufuli la BitLocker. Diski iliyofungwa nalo, ikihamishiwa kompyuta nyingine, hudai ufunguo wa tarakimu 48. Mara nyingi ufunguo huo huhifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Autafute na kuuandika karatasini kabla diski haijaguswa, kwani bila ufunguo huo hata fundi hodari hawezi kuzisoma faili.

Ushauri wetu, basi, ni kwamba kwa walaji wengi kuhamisha mfumo mzima hakuna faida. Kompyuta mpya kwa kawaida huja na mfumo wake na leseni yake. Zaidi ya hayo, Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo mwenye kuuhamisha mfumo huo anahamisha pia udhaifu wake. Kinachofaa kuhama ni faili. Programu ziwekwe upya.

Mlaji akiamua kuendelea, makubaliano yaandikwe: kazi gani itafanywa, kwa bei gani, na nani atabeba hasara faili zikipotea. Adai risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara, na anayeuza mfumo usio na leseni kwa madai kwamba ni halali anaangukia humo.

Kompyuta ya zamani isiuzwe siku hiyohiyo. Tunashauri ikae kwa mwezi mmoja, hadi mwenyewe afungue ankara za kale katika ile mpya na kuziona kamili. Ndipo diski yake ifutwe kwa programu maalumu, kwa kuwa faili iliyotupwa kwenye pipa la kompyuta bado husomeka kwa mnunuzi mwenye ujuzi.