SOMO LA AFYA: KWA NINI MTOTO HAONI UBAO VIZURI? TUIELEWE ASTIGMATIZIMU



Wapo watoto wanaohudhuria shule kila siku, lakini wananakili vibaya yaliyoandikwa ubaoni. Huandika 3 mahali pa 8, au n mahali pa m. Mwalimu husema ni mvivu, na mzazi husema hasikii. Pengine kosa si la mtoto, bali ni umbo la jicho lake. Kasoro hiyo huitwa astigmatizimu.

Astigmatizimu ni nini?

Mbele ya jicho kuna utando unaopitisha mwanga kama kioo. Unaitwa konea. Kazi yake ni kukusanya mwanga ili ukutane mahali pamoja nyuma ya jicho, ndipo tuone vizuri. Konea nzuri imeviringika sawa pande zote, kama mpira wa miguu. Penye astigmatizimu, imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kama mgongo wa kijiko. Kwa hiyo mwanga haukutani mahali pamoja, na picha huwa na ukungu.

Inatokana na nini?

Wengi huzaliwa nayo. Wengine huipata baada ya jicho kuumia, au kidonda kuacha kovu kwenye konea. Kusugua macho kwa nguvu mara kwa mara pia huweza kuharibu umbo la konea. Kasoro hii haiambukizi. Haitokani na kurogwa, wala na kusoma kwa koroboi.

Dalili zake

- Kuona ukungu, mbali na karibu.
- Kufinya macho ili kuona.
- Kichwa kuuma au macho kuchoka baada ya kusoma au kushona.
- Usiku, taa kuonekana zina miale mirefu.

Mtoto mdogo halalamiki, kwa sababu hajui wenzake wanaonaje. Mzazi na mwalimu ndio wa kumchunguza.

Jaribio rahisi

Chukua karatasi nyeupe. Chora mistari inayotoka katikati kama spoku za gurudumu la baiskeli, yote iwe na unene mmoja. Ibandike ukutani, kisha simama hatua 4 kutoka hapo. Funika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, utazame. Halafu funika jingine. Ikiwa baadhi ya mistari inaonekana myeusi na mingine imefifia, nenda ukapimwe. Hata usipoona tofauti, ukiwa na dalili tulizotaja, nenda pia.

Tiba yake

Dawa ya matone hainyooshi konea. Dawa za majani machoni ni hatari, huweza kuleta vidonda na upofu. Kinachosaidia ni miwani. Mwaka 1825 mwanafalaki Mwingereza, George Airy, alieleza jinsi jicho lake la kushoto lilivyosaidiwa na lenzi iliyochongwa kwa umbo maalumu. Hadi leo njia ni hiyo hiyo.

Mpimaji huandika nguvu ya lenzi na pia pembe yake, kati ya digrii 0 na 180. Kila jicho lina kipimo chake. Ndiyo maana miwani ya jirani, au ile ya kusomea inayouzwa sokoni, haitakufaa. Fremu ikipinda, pembe hupotea, irudishe inyooshwe. Siku za kwanza unaweza kuona ardhi kama imeinama. Usiivue, macho yatazoea. Baada ya wiki 2 hali hiyo ikiendelea, rudi kwa mpimaji.

Kwa nini tuwahi?

Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo, hasa kabla ya miaka 7 au 8. Jicho likileta ukungu muda wote huo, ubongo huzoea kutolitumia. Baadaye hata miwani nzuri huenda isirudishe uwezo wote.

Kumbuka

1. Mtoto anayefinya macho asipigwe wala kuchekwa. Akae mbele darasani, na apelekwe zahanati.
2. Usiazime wala kuazimisha miwani.
3. Jicho likiwa jekundu na linauma, likipoteza uwezo ghafla, au mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, hiyo si astigmatizimu. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Ukimaliza kusoma, mpe jirani naye asome, au msomee asiyejua kusoma.