Malenge yangu yanachanua lakini hayazai

*Nimepanda malenge nyuma ya nyumba hapa Kuresoi. Maua ni mengi, lakini karibu yote yanaanguka. Vitunda vichache vilivyotokea viligeuka manjano, vikaoza vikiwa vidogo. Jirani anasema nipige dawa. Nifanye nini?*
*Mama wa Malenge, Kuresoi*

Mama, usinunue dawa kwanza. Mmalenge una maua ya aina mbili. Ua dume lina kikonyo chembamba kirefu. Ua jike hubeba kitunda kidogo chini ya petali. Madume hutangulia kuchanua, na kuanguka kwake ni kawaida. Kitunda kikinyauka mapema, mara nyingi ua jike halikupata chavua ya kutosha.

Chavua ya malenge ni nzito na inanata, hivyo upepo hauibebi. Nyuki ndio huibeba. Ua lenyewe hufunguka alfajiri na kufunga kabla ya adhuhuri. Asubuhi za baridi na mvua, kama zilivyo nyingi huko kwenu, nyuki hawatoki mzingani.

Wasaidie. Kukipambazuka, chuma ua dume lililofunguka, bandua petali, kisha pakaza ule unga wa manjano katikati ya ua jike lililofunguka siku hiyo. Usipige dawa ya wadudu maua yakiwa wazi; utaua nyuki unaowahitaji.

Vitunda vikiendelea kuoza hata baada ya hapo, au majani yakitoka madoa, mpelekee afisa wa kilimo wa wadi kitunda na jani avikague.