Kufundisha Habari za Kompyuta ya Kwanta katika Madarasa ya Juu

Miongoni mwa maswali ambayo wanafunzi wa madarasa ya juu humletea mwalimu wa hisabati au wa fizikia siku hizi, limo hili: je, ni kweli kwamba wataalamu wameunda kompyuta iwezayo kujaribu majibu yote kwa wakati mmoja? Mwalimu asiyejiandaa aghalabu hushika mojawapo ya njia mbili. Ama hukubali tu, kwa kuwa ndivyo alivyosikia naye. Ama hulifukuza swali kwa kusema kwamba jambo hilo halimo katika muhtasari. Njia ya kwanza humpa mwanafunzi habari isiyo sahihi, na ya pili humfunza kwamba udadisi wake hauna nafasi darasani. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna suala hili liwezavyo kufundishwa kwa vipindi viwili, kwa chaki, ubao na karai la maji.

Yafaa kuanza na tatizo lililozaa wazo lenyewe. Mwaka 1981 mwanafizikia wa Marekani, Richard Feynman, alitoa mhadhara juu ya ugumu wa kuiiga tabia ya maumbile kwa kompyuta za kawaida. Chembe ndogo mno, kama vile elektroni, hazina desturi ya kukaa katika hali moja tu. Chembe yenye hali mbili huelezwa kwa namba mbili, chembe mbili pamoja kwa namba 4, chembe tatu kwa namba 8. Mwalimu na amwite mwanafunzi ubaoni aendelee kuzidisha kwa mbili. Kwa chembe 10 atapata 1,024. Kwa chembe 50 atafikia namba yenye tarakimu 16, na darasa litakuwa limekwisha kuchoka zamani. Hapo ndipo wanafunzi watakapoona wenyewe kwa nini kompyuta yoyote ya kawaida hulemewa. Rai ya Feynman ilikuwa kwamba, ikiwa maumbile hufuata kanuni za kwanta, basi mashine ya kuyaiga nayo iundwe kwa vitu vinavyofuata kanuni hizo hizo. Mwaka 1985 David Deutsch wa Uingereza aliieleza mashine ya namna hiyo kwa ukamilifu zaidi. Sehemu yake ndogo kabisa ya kuhifadhi habari, iliyo badala ya biti ya kawaida, huitwa kyubiti.

Sasa twafika mahali penye utelezi. Ni kweli kwamba kyubiti 50 zaweza kubeba kwa pamoja mchanganyiko wa hali zote zile zenye hesabu ya tarakimu 16. Lakini zikipimwa hutoa jibu moja tu, na jibu hilo hutokea kwa bahati. Mashine ambayo hujaribu majibu yote kisha ikaokota moja bila kuchagua haina faida kuliko mtu anayebahatisha. Kwa hiyo msemo wa kujaribu majibu yote kwa wakati mmoja hauna budi kuvunjwa mapema, kabla haujaota mizizi.

Kinacholeta faida ni tabia ya mawimbi, na hapa ndipo karai hutumika. Chukua karai pana lenye maji machache, utandike vitambaa vilowevu pembezoni ili mawimbi yasirudi, kisha wanafunzi wawili wagonge maji kwa vidole kwa mapigo sawa. Mwinuko wa wimbi moja ukikutana na mwinuko wa jingine, maji huinuka zaidi. Mwinuko ukikutana na bonde, maji hutulia. Kila jibu katika kompyuta ya kwanta huandamana na kitu kama wimbi. Kazi ya mtunga programu ni kuyapanga mawimbi hayo ili yale ya majibu mabaya yauane na yale ya jibu jema yaongezane, ndipo apime. Mpango kama huo haupatikani kwa kila tatizo. Kwa maoni yetu, mwanafunzi aliyeishika hoja hii moja ameelewa kompyuta ya kwanta kuliko watu wazima wengi waandikao habari zake.

Mfano ulio bora kwa darasa la hisabati ni ule wa Peter Shor wa mwaka 1994, unaohusu kutafuta vigawo tasa vya namba. Chukua 15. Andika vipeo vya 2, na kila mara ugawe kwa 15 uweke baki: 2, 4, 8, 1, kisha tena 2, 4, 8, 1. Mabaki hujirudia kila baada ya hatua 4. Nusu ya 4 ni 2, na 2 kwa kipeo cha 2 ni 4. Toa moja, upate 3. Ongeza moja, upate 5. Hivyo ndivyo vigawo vya 15. Kwa 21 mabaki ni 2, 4, 8, 16, 11, 1: hatua 6. Nusu yake ni 3, na 2 kwa kipeo cha 3 ni 8. Basi twapata 7 na 9, na 9 ina kigawo cha 3 kwa pamoja na 21. (Mwanafunzi akianza na 4 badala ya 2 atapata mrudio wa hatua 3, ambao haugawiki kwa mbili, hapo huchagua namba nyingine na kuanza upya.)

Hesabu hiyo haina kwanta yoyote ndani yake. Ugumu wake ni kwamba, kwa namba yenye tarakimu mamia, mrudio nao huwa mrefu kiasi cha kutohesabika. Shor alionyesha kwamba urefu wa mrudio ni jambo ambalo mawimbi yanaweza kulidhihirisha, kama vile mapigo yanayolingana yanavyoongezana katika karai. Jambo hili si la mchezo. Tangu mwaka 1977, Rivest, Shamir na Adleman walipobuni njia yao ya kuficha ujumbe, siri nyingi za benki na za serikali zimetegemea ugumu wa kuvipata vigawo vya namba kubwa. Namba zinazotumika sana zina tarakimu 617. Atakayevipata atazisoma siri hizo, na hata ujumbe ulionaswa leo na kuwekwa akiba waweza kufunguliwa baadaye. Ndiyo maana mwezi Agosti 2024 taasisi ya viwango ya Marekani ilitangaza njia mpya za kuficha ujumbe ambazo hazitegemei vigawo.

Ili wanafunzi wasidhani kwamba faida huwa kubwa hivyo siku zote, watajiwe kazi ya Lov Grover ya mwaka 1996. Kutafuta kitu kimoja katika orodha isiyopangwa yenye vitu 1,000,000 huhitaji kwa njia yake takriban hatua 1,000, yaani kipeuo cha pili. Ni nafuu, lakini si muujiza.

Je, mbona mashine hiyo haijazifungua siri za dunia? Mwaka 2001 watafiti wa IBM walitumia kyubiti 7 kuipata 3 na 5 kutoka 15, jambo ambalo mwanafunzi wetu amelifanya kwa chaki. Kikwazo kikubwa ni unyeti. Mguso wowote wa joto au wa mnururisho huivuruga hali ya kyubiti, na mawimbi hupoteza mpangilio wake. Kyubiti za saketi zipitishazo umeme bila ukinzani hupozwa hadi karibu sehemu ya mia ya digrii moja juu ya baridi ya mwisho kabisa, ambayo ni nyuzi 273.15 chini ya sifuri ya Selsiasi. Hata hivyo hukosea.

Mwanafunzi mwerevu atauliza kwa nini wasiweke nakala tatu za kila kyubiti na kufuata iliyo ya wengi. Ni swali zuri, na mwalimu asilikatishe. Mwaka 1982 Wootters na Zurek walithibitisha kwamba hali ya kwanta isiyojulikana haiwezi kunakiliwa. Wengine walidhani kwamba jambo hilo lingemaliza mradi wote, mpaka Shor, mwaka 1995, alipoonyesha namna ya kuitandaza habari ya kyubiti moja katika kyubiti 9, ili kosa likitokea ligunduliwe na kusahihishwa bila kuisoma habari yenyewe. Gharama yake ndiyo inayowasumbua watafiti. Makadirio ya mwaka 2019 yalidai kyubiti milioni 20 kwa kuivunja namba ya tarakimu 617 katika muda wa saa 8. Makadirio ya mwaka 2025 yalishuka hadi pungufu ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Mwezi Desemba 2024 Google walieleza mashine ya kyubiti 105 ambayo makosa yake yalipungua kwa takriban nusu kila walipoukuza mpangilio, kutoka 3 kwa 3 hadi 5 kwa 5, kisha 7 kwa 7. Zamani kuongeza kyubiti kulimaanisha kuongeza makosa, na kwa sababu hiyo twaona tokeo hili kuwa na uzito kuliko lile la 2019, ambapo Google walidai kwamba kazi ya sekunde 200 ingeichukua kompyuta kuu miaka 10,000, na IBM wakajibu kwamba siku mbili na nusu zingetosha. Mabishano hayo, hata hivyo, yafaa kusomwa darasani, kwa kuwa yaonyesha namna madai ya sayansi yanavyopimwa.

Kwa zoezi la nyumbani twapendekeza wanafunzi wavitafute vigawo vya 35 kwa kuanzia na 2. Watapata mrudio wa hatua 12; nusu yake ni 6, na 2 kwa kipeo cha 6 ni 64, ambayo hutoa 63 na 65. Kisha waeleze, kwa Kiswahili na kwa sentensi zisizozidi tano, ni hatua gani ya hesabu hiyo ambayo kompyuta ya kwanta ingesaidia, na ni zipi ambazo kompyuta ya kawaida yatosha. Atakayetaja kutafuta mrudio peke yake apewe alama zote. Atakayeandika kwamba mashine hujaribu vigawo vyote kwa pamoja aitwe tena kwenye karai.